Kipya Kinyemi: Wakati Ufaao wa Kubadilisha Simu ya Rununu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika biashara ya simu za rununu, ukweli wa methali hii hudhihirika kila mwaka. Kampuni ya Samsung hutoa simu zake kuu mwanzoni mwa mwaka, Apple hutoa zake mwezi wa Septemba, nazo Tecno, Infinix na Xiaomi hutoa aina mpya mara kadha wa kadha baina ya nyakati hizo. Kila toleo huandamana na matangazo yanayomfanya mwenye simu ya mwaka uliopita aione kana kwamba imepitwa na wakati.

Hali hii humtatiza hasa mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye fedha zake aghalabu ni za mkopo wa masomo au za jasho la mzazi. Kwake yeye simu si pambo. Ndiyo maktaba anamosomea, ndiyo mkoba wa fedha zake kupitia M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini Kenya mwezi wa Machi mwaka wa 2007, na ndiyo kinasa sauti chake anapokwenda nyanjani kukusanya ngano na nyimbo za jamii. Kwa sababu hiyo, kukosea kuhusu wakati wa kuibadilisha kuna hasara pande zote mbili. Anayenunua mapema mno hutumia karo kwa jambo lisilo la lazima. Anayechelewa mno huenda akapoteza rekodi za utafiti wake au akaziacha fedha zake wazi kwa wezi wa mitandaoni.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ya kukata shauri hilo. Hoja kuu ni kwamba simu huzeeka kwa njia tatu: kuna uzee wa mwili, uzee wa programu na uzee wa mtandao. Wengi hubadilisha simu kwa ajili ya uzee wa kwanza kwa kuwa ndio uonekanao, ilhali huo ndio unaotibika kwa urahisi. Uzee wa pili hauonekani kwa macho, na ndio wenye hatari kubwa zaidi.

Uzee wa Mwili

Mwili wa simu ni kioo, betri, kamera, tundu la kuchajia na vipuri vinginevyo. Kati ya hivi, betri ndiyo huchoka mapema. Betri za lithiamu hupungukiwa na nguvu kila zinapochajiwa. Kampuni ya Apple, mathalani, inaeleza kuwa betri za iPhone 14 na zilizoitangulia zilibuniwa zibakie na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na za iPhone 15, iliyotoka mwaka wa 2023, baada ya mara 1,000. Kwa mtu anayeimaliza chaji yote na kuirejesha kila siku, mara 500 ni kipindi cha mwaka mmoja na miezi minne hivi. Hivyo basi, simu inayozimika adhuhuri baada ya miaka miwili haijafa. Imechakaa kipuri kimoja.

Mfano bora wa jambo hili ulitokea mwezi wa Desemba mwaka wa 2017. Kampuni ya Apple ilikiri kuwa programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zilizokuwa na betri kuukuu, kwa lengo la kuzizuia zisizimike ghafla. Watumiaji wengi walikuwa wamedhani kuwa simu zao zimezeeka na zinahitaji kubadilishwa. Baada ya malalamiko, kampuni hiyo ilipunguza ada ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 katika mwaka wa 2018. Waliobadilishiwa betri waliirejesha kasi ya simu zao. Funzo ni kuwa polepole ya simu ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe sharti utafutwe kabla ya kuitisha jeneza.

Dalili hiyo hiyo huweza kusababishwa na hifadhi iliyojaa. Picha na video zinazopokelewa katika makundi ya WhatsApp hulimbikizana hadi simu ikakosa nafasi ya kufanyia kazi. Kuzifuta, kuondoa programu zisizotumika na kuhamishia rekodi muhimu kwenye tarakilishi ni tiba isiyogharimu hata senti. Tundu la kuchajia lisiloshika waya, pengine limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni, nalo lafaa kusafishwa na fundi kabla ya kulaumiwa.

Hata hivyo, kuna kikomo cha kutengeneza. Kanuni inayofaa ni kulinganisha gharama ya fundi na bei ambayo simu hiyo ingeuzwa katika hali yake ya sasa iwapo ingekuwa nzima. Gharama ikizidi nusu ya bei hiyo, aghalabu ni heri fedha hizo ziwekwe akiba ya kununulia nyingine.

Uzee wa Programu

Simu huendeshwa na mfumo wa programu, ambao mara nyingi ni Android au iOS. Wataalamu hugundua kasoro katika mifumo hii kila mara, na wezi huzitumia kasoro hizo kuingilia simu za watu. Ili kuziba nyufa hizo, kampuni hutuma masasisho ya usalama. Lakini haziyatumi milele. Siku masasisho yanapokoma, simu huendelea kuwaka, kupiga na kupiga picha kama kawaida, ila nyufa zitakazogunduliwa baada ya hapo hazitazibwa. Kwa mtu mwenye programu ya benki simuni, huo ndio uzee wa kuogopwa.

Muda wa masasisho hutofautiana mno. Google iliahidi miaka 7 kwa simu ya Pixel 8 iliyotoka mwaka wa 2023, na Samsung ikaahidi miaka iyo hiyo kwa Galaxy S24 iliyotoka Januari 2024. Simu za bei ya chini kwa muda mrefu zilipata miaka miwili au mitatu, na baadhi yazo zikapata pungufu ya hapo. Mambo yameanza kubadilika: Galaxy A16, isiyo ya tabaka la juu, iliahidiwa miaka 6. Huko Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 inazitaka kampuni ziendelee kutoa masasisho kwa muda usiopungua miaka 5 baada ya aina ya simu kuacha kuuzwa.

Kuujua umri huu si kazi ngumu. Katika simu ya Android, mwenye simu hufungua Mipangilio, kisha sehemu inayohusu simu yenyewe, na kusoma tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Iwapo tarehe hiyo imepita kwa zaidi ya mwaka mmoja na simu inasema hakuna sasisho jipya, ni dhahiri kuwa kampuni imeitupa mkono. Huo ndio wakati wa kuanza kuweka akiba, hata kama kioo chake kingali kinang'aa.

Baadaye hufuata hatua ya pili, ambapo programu zenyewe huikataa simu. Mwaka wa 2017, WhatsApp iliacha kutumika katika simu za BlackBerry na katika simu za Nokia zilizoendeshwa na mfumo wa Symbian. Nyingi za simu hizo zilikuwa nzima kabisa kwa mwili. Mwenye simu asingoje kufikia hapo, kwa kuwa anayelazimika kununua siku moja hana nafasi ya kuchagua bei.

Uzee wa Mtandao

Uzee wa tatu hutokea mitambo ya mawasiliano inapobadilika. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G mwezi wa Februari mwaka wa 2022, na simu zilizoutegemea zikashindwa kupiga. Nchini Kenya, mvuto umekuwa ni wa 5G, ambayo Safaricom iliizindua kibiashara mwaka wa 2022 na Airtel mwaka wa 2023. Je, ni lazima mwanafunzi akimbilie 5G? La hasha. Kusoma makala, kuhudhuria mihadhara ya mtandaoni na kutuma barua pepe kunatekelezeka barabara kwa 4G. Anayeishi mahali pasipofikiwa na 5G huwa analipia kitu asichoweza kukitumia. Aliye na simu isiyovuka 3G ndiye mwenye sababu ya kweli ya kubadilisha, naye hahitaji mali nyingi: simu za 4G za Neon, zinazounganishwa Athi River, zilizinduliwa Oktoba 2023 kwa bei ya shilingi 7,499 na shilingi 8,999.

Istilahi Zinazomponza Mnunuzi

Baada ya kuthibitisha kuwa haja ipo, mnunuzi hukutana na lugha ya sokoni. Hapa utata wa istilahi huwa na gharama ya fedha taslimu. Neno "kumbukumbu" hutumiwa na wengi kurejelea vitu viwili tofauti. Kuna hifadhi, yaani ghala ambamo picha, vitabu na rekodi hukaa hata simu ikizimwa. Kisha kuna kumbukumbu ya muda, ambayo wauzaji huiita RAM. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, simu hukwama programu kadhaa zinapofunguliwa pamoja, hata kama ghala lina nafasi tele.

Tofauti hii huwa muhimu muuzaji anapotangaza simu yenye "RAM ya GB 8", na maandishi madogo yakasema 4+4. Maana yake ni kuwa RAM halisi ni GB 4, na GB 4 nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo kasi yake ni ndogo zaidi. Vivyo hivyo, kamera yenye megapikseli nyingi si lazima itoe picha bora, kwa kuwa ubora hutegemea pia lenzi, ukubwa wa kihisi cha mwanga na programu inayoichakata picha.

Bei, Simu Zilizotumika na Mikopo

Wakati mwafaka wa kununua simu ya tabaka la juu ni mara tu baada ya mrithi wake kutolewa, maana bei ya iliyotangulia hushuka na tofauti baina ya hizo mbili aghalabu ni ndogo. Wengine hununua simu zilizotumika ng'ambo, ambazo zimejaa katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Hapana ubaya, almuradi mnunuzi asisahau hesabu ya uzee wa programu. Simu ya mwaka wa 2020 iliyoahidiwa masasisho ya miaka minne ilifika kikomo mwaka wa 2024, hata iwe haina mkwaruzo. Isitoshe, abonyeze *#06# na kulinganisha nambari ya IMEI inayotokea na ile ya kwenye kasha na risiti, na ahakikishe kuwa akaunti ya mwenyewe wa awali imeondolewa.

Njia nyingine ni kulipa kidogo kidogo. Mwezi wa Julai mwaka wa 2020, Safaricom na Google zilizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, uliomwezesha mteja kupata simu ya 4G kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Mipango ya aina hii imewafungulia wengi mlango wa intaneti. Hata hivyo, kukopa harusi, kulipa matanga. Chukulia simu ya shilingi 15,000 taslimu ambayo kwa mkopo inatakiwa kulipiwa shilingi 3,000 za kwanza, kisha shilingi 60 kwa siku 365. Jumla ni shilingi 24,900, yaani nyongeza ya shilingi 9,900. Mtu huyo huyo akiziweka zile 3,000 na kudunduliza shilingi 60 kila siku, ataifikia bei ya taslimu kwa siku 200. Tena, simu ya mkopo huweza kufungwa malipo yakichelewa, na kwa mwanafunzi aliyehifadhi tasnifu yake humo, kufungwa huko katika wiki ya mtihani ni msiba. Mkopo una maana iwapo simu ya kale imekufa kabisa na kazi haiwezi kungoja. Kwa mwenye simu inayofanya kazi, subira ndiyo yenye faida.

Kuiaga Simu ya Kale

Akaunti ya M-Pesa huambatana na laini wala si simu, kwa hivyo fedha huhama pamoja na kadi. Rekodi, picha na mazungumzo hayahami yenyewe. Inafaa yanakiliwe mahali pawili, na simu ya kale isifutwe hadi ile mpya imetumika kwa wiki moja au mbili. Ndipo akaunti iondolewe, kila kitu kifutwe, na simu ipewe mdogo wa mtu, iuzwe au ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Taka hizo zilifikia tani milioni 62 duniani mwaka wa 2022, na kiasi kilichothibitishwa kuchakatwa upya ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Kobalti iliyomo katika betri nyingi huchimbwa kwa wingi Kolwezi, nchini Kongo, mahali ambapo wachimbaji huzungumza Kiswahili. Kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya simu moja hupunguza haja ya kuchimba zaidi.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kalenda ya matangazo si kipimo cha haja ya mnunuzi. Uzee wa mwili utibiwe kwanza kwa fundi, betri mpya na usafi wa hifadhi. Uzee wa mtandao upimwe kwa mahali mtu anapoishi na kazi anayoifanya. Uzee wa programu ndio usiovumilika, hasa kwa mwenye fedha na kazi za masomo simuni. Mwenye kuijua tarehe ya sasisho la mwisho la simu yake ana muda wa kuweka akiba, kulinganisha bei na kununua bila papara. Asiyeijua huuachia uamuzi huo muuzaji.