Mteja Asiyerudi na Chakula cha Mji Mkongwe

Pweza aliyenadiwa katika soko la Darajani, Zanzibar, anaweza kumfikia mlaji kwa njia mbili: ameiva taratibu kwa tui la nazi katika mkahawa wa Mkunazini, au amekauka kwenye kijiti katika bustani ya Forodhani baada ya kupashwa moto mara ya pili. Bahari ni ileile, na wapishi wengi wametoka mitaa ileile. Kinachotofautiana ni mteja. Muuza urojo wa uchochoroni anawalisha majirani. Akipunja ukwaju au akikaangia bajia mafuta yaliyoungua, mtaa mzima utajua kabla ya Ijumaa. Mgeni hulala Mji Mkongwe siku mbili tatu, kisha huelekea fukwe za Nungwi au Paje. Akilishwa vibaya hana adhabu ya kutoa, maana hata angelishwa vizuri asingerudi. Mwanauchumi George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kupima ubora, bidhaa mbovu huisukuma nzuri nje ya soko. Ndivyo ilivyo hapa: mchuuzi anayenunua samaki wabichi kila siku hubeba gharama isiyoonekana, huku jirani yake mwenye kiporo akiuza kwa bei ileile.

Wapo wanaolaumu kodi ya pango kwa ubovu huo. Pango la karibu na bahari ni ghali kweli, lakini ughali huo unaeleza bei kuliko ladha. Wengine husema maoni ya wateja mtandaoni sasa yanamwadhibu mpishi mbovu. Yanasaidia kwenye mikahawa yenye majina, ila meza isiyojulikana kwa jina haina pa kulaumiwa. Na anayekula pweza kwa mara ya kwanza maishani husifu upepo na ukarimu, kwa kuwa hajui pweza laini ni yupi. Hoja ya msimu ina uzito zaidi: masika wageni hupungua, na mfanyabiashara hutaka kufidia miezi hiyo. Lakini muuza urojo naye hunyeshewa na mvua hiyohiyo, wala hapunji.

Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Mandhari yalipendeza, ila mandhari hayamwezeshi mgeni kumtofautisha mchuuzi mwaminifu na mwenzake. Wenye mamlaka ya mji wahakikishe kila meza ina jina la mpishi na bei iliyoandikwa mbele, na samaki waliolala wasirudishwe jikoni.