Ndiyo na Hapana Katika Nchi ya Ufuta na Korosho

Mtu atakaye kuwajua watu wa Nachingwea na Ruangwa jinsi watoavyo hukumu, asiridhike kuwatazama siku ya kura peke yake. Awaendee pia msimu wa ufuta au wa korosho, siku ya mnada, wakati magunia yamekwisha kupokewa ghalani na stakabadhi zimo mikononi mwa wenyewe. Huko, katika uwanja wa chama cha msingi kimojawapo kati ya vile vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wakulima huketi wakasikiliza zabuni za wanunuzi zikisomwa moja baada ya moja, bei ya juu na bei ya chini, mbele ya halaiki. Kisha huulizwa: mnauza au hamuuzi? Zamani zabuni zilitoka sandukuni, na siku hizi hutoka katika mtambo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Lakini swali ni lile lile, na jibu ni la mwenye mzigo. Bei ikiwa duni, uwanja huitika kwamba hatuuzi, na mnunuzi hana budi kupandisha dau au kwenda zake.

Watu hao hao, tarehe 27 Novemba 2024, waliitwa kutoa hukumu nyingine, ya kuwachagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji pamoja na wajumbe wa halmashauri za vijiji. Kura zilipokwisha kuhesabiwa nchini kote, Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) wa wakati huo, Mheshimiwa Mohamed Mchengerwa, alitangaza kwamba Chama cha Mapinduzi (CCM) kimetwaa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Miaka mitano nyuma, 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa katika kinyang'anyiro, hesabu ilizidi asilimia 99. Ilhali mwaka 2014 chama hicho hicho kilipata karibu asilimia 80 ya vijiji, na wapinzani wakajigawia sehemu iliyobaki. Nchi ni moja na wapiga kura kwa sehemu kubwa ni wale wale. Kilichobadilika katika muda huo wa miaka kumi ni idadi ya majina waliyowekewa mbele yao kuchagua.

Wala asije mtu akadhani kwamba kusini ni nchi ya watu wasiojua kushindana. Katika uchaguzi mkuu wa 2015, mkoa huu huu wa Lindi ulikipa chama cha upinzani cha CUF majimbo ya Mchinga, Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini na Liwale, na hiyo Liwale ni jirani mpakani na mwenza katika ushirika. Miaka mitatu baadaye mbunge wa Liwale alihamia CCM, na uchaguzi mdogo wa 2018 ukamrudisha kwa tiketi mpya. Ulipofika mwaka 2020, jimbo la Ruangwa halikuwa na kura ya ubunge hata moja ya kuhesabu, kwa kuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, mwana wa Nandagala, alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa, naye hakuwa peke yake nchini kwa hali hiyo.

Sababu za mambo haya zimebishaniwa sana. Wapinzani husema kwamba wagombea wao huenguliwa kwa makosa madogo ya kujaza fomu, na kwamba mkurugenzi wa halmashauri, aliye mteule wa Rais, hawezi kuwa msimamizi wa haki. Shauri la wakurugenzi lilifika Mahakama Kuu, nayo Mei 2019 ikaamua kwamba haifai wasimamie uchaguzi. Oktoba ya mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Chama tawala nacho hujibu kwamba wenzake hawana mtandao wa kufika kila kitongoji, na kwamba asiyeweza kuijaza fomu atawezaje kuijaza hazina ya kijiji. Katikati ya mabishano hayo, sheria ya uchaguzi ya 2024 ilifanya jambo moja la busara, nalo ni kuondoa kupita bila kupingwa kwa wabunge na madiwani, ikaagiza kwamba mgombea aliyebaki pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Hata hivyo, uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila chama cha upinzani cha CHADEMA, kilichozuiwa baada ya kukataa kutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi, na siku yake ikatiwa doa la machafuko na vifo katika miji kadhaa.

Maradhi haya ya kiti kukosa mshindani si yetu peke yetu. Huko Wales, katika uchaguzi wa mabaraza ya kaunti wa Mei 2022, madiwani zaidi ya 70 waliingia barazani pasipo kura kupigwa, na kaunti iliyoongoza kwa idadi yao ilikuwa moja ya mashamba na milima iitwayo Gwynedd. Huko kilio hakikuwa cha fomu kukataliwa. Ni kwamba watu hawakujitokeza kuutaka udiwani. Sababu zikiwa mbalimbali kiasi hicho, tokeo kwa mwananchi ni lile lile: anapata kiongozi ambaye hakulazimika kueleza mbele ya mpinzani atafanya nini na kodi ya watu.

Na kodi hiyo si haba. Kila kilo ya korosho inayouzwa mnadani hukatwa ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 ya bei. Migodi ya madini ya kinywe iliyochimbuliwa Ruangwa hudaiwa ushuru wa huduma. Na katika mapato ya ndani ya kila halmashauri, sheria inataka asilimia 10 itengwe kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti ya fedha hizo, ndio wanaoamua kama jengo la zahanati litaezekwa mwaka huu au litasubiri, kama barabara ya kupitishia magunia itachongwa kabla ya masika au baada ya magari kukwama.

Nachingwea yaelewa kuliko wilaya nyingi gharama ya maamuzi yasiyoulizwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, ikakusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake zikiwa Tanganyika, ikaleta matingatinga, ikajenga bandari ya Mtwara na kutandaza reli mpaka Nachingwea; na kufikia 1951 mpango ukawa umekufa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Waliozijua mvua za nchi hii na udongo wake mgumu hawakuulizwa. Wala Uhuru haukuponya tabia hiyo kwa mara moja, maana mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za 1982, baada ya kuonekana kwamba shule, visima na zahanati haviendeshwi kwa waraka kutoka mbali.

Ni sheria hizo hizo za 1982 zilizompa mwanakijiji silaha isiyongoja miaka mitano. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ndio mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kusomewa mapato na matumizi. Na una uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote wa halmashauri ya kijiji, mwenyekiti akiwamo. Aghalabu mikutano hii haifanyiki kwa wakati, au ikiitishwa huhudhuriwa na wazee wachache na vijana wawili waliopita njia, taarifa ikasomwa haraka haraka, watu wakapiga makofi, wakatawanyika.

Hukumu yangu ni kwamba asilimia 98 si shahada ya kupendwa, wala si ushahidi tosha wa dhulma katika kila kijiji, ni deni. Kiongozi aliyepata kiti bila mshindani anadaiwa maelezo zaidi ya aliyekipata kwa jasho, na mdai wake ni mwananchi mwenyewe, maadamu hakuna chama cha pili barazani cha kumdai kwa niaba yake. Basi enyi wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, ujasiri ule ule mnaouonyesha mbele ya mnunuzi wa ufuta uonyesheni mbele ya mwenyekiti na diwani: mkutano wa robo mwaka ukichelewa, uulizieni, taarifa ya fedha isipobandikwa kwenye mbao za matangazo, itakeni, na hesabu ikisomwa nanyi hamkuridhika nayo, msiipigie makofi.