Ngoja Neno la Pili

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio)

Wapenzi wasikilizaji, hamjambo. Najua huko mliko mmejibu, "Hatujambo," ingawa hakuna aliyewasikia ila watoto na kuku. Ndivyo tulivyolelewa. Asubuhi ya leo nataka tukae kidogo na salamu hii tuliyopeana sasa hivi, kwa maana siku moja niliitumia vibaya, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwatazama wagonjwa katika hospitali moja upande wa Parklands, hapa Nairobi. Mfukoni nilikuwa na orodha ya watu 9, na saa tano nilitakiwa kwenye kikao cha kamati ya ujenzi. Mgonjwa wa tano alikuwa mama mzee wa kanisa letu, aliyefanya kazi katika nyumba za watu mtaani humo kwa miaka mingi, akapika na kufua na kulea watoto ambao leo wenyewe ni wazazi. Nikasimama kando ya kitanda.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, Mchungaji."

"Habari za usiku?"

"Nzuri, ila..."

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kitabu cha sala. Sitawadanganya kwamba sikulisikia lile "ila". Nililisikia kama mtu asikiavyo gari likipita barabarani. Nikasoma, nikaomba, nikamshika mkono, nikaenda kwa mgonjwa wa sita. Kwenye kikao cha kamati nilifika mapema.

Sasa niruhusuni nilieleze neno lenyewe, maana twalitamka kila siku bila kulitazama. "Hujambo" ni swali, tena ni swali la kukanusha. Ni kama kuuliza: huna jambo? Hakuna lililokupata? Jambo hapa ni shida, ni tukio. Na mtu akijibu "sijambo" asema kwamba hana jambo. Jibu hilo hulitoa mzima na mgonjwa, aliyelala vizuri na aliyekesha matangani. Hata aliyefiwa utamsikia akijibu "nzuri", kisha ndipo aseme, "ila baba ametutoka usiku."

Wageni wengine hudhani huo ni uongo wa adabu. Si uongo hata kidogo. Neno la kwanza ni mlango tu. Mwenye nyumba amekufungulia na kukukaribisha, lakini bado hujaona kilichomo ndani. Habari yenyewe huja katika neno la pili, nyuma ya "ila" au "lakini". Pengine huja katika "sijambo kidogo", na pengine katika kimya tu. Ndiyo sababu watu wa Lamu, Mombasa na Unguja huzifuatanisha salamu: za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Sisi watu wa bara huwacheka kwamba wanapoteza wakati. Kumbe wakati ule ndio wanaompa mwenzao, ili lile neno la pili lipate nafasi ya kutoka.

Je, sisi wa Nairobi tuliipoteza wapi nafasi hiyo? Sehemu ya jibu imo katika historia ya mji wetu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa 1899. Wakakutana Mwingereza, Mhindi, Mkikuyu, Mkamba, Mluo na wengine wengi, wote wakitumia Kiswahili, na kwa karibu wote si lugha waliyonyonya kwa mama. Ni kweli kwamba mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya shule na vitabu. Jikoni na mashambani kilitawala Kiswahili kingine, ambacho watu walikiita Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu kidogo cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanya biashara na wake zao. Haja yao haikuwa kuzungumza. Walihitaji kazi ifanyike, na kwa kazi hiyo mtu hukidhiwa na maneno machache: lete, peleka, ngoja, toka, upesi.

Angalieni salamu ilivyofanywa humo. Waliondoa "hu" na "si", wakabaki na "Jambo!" tu. Wengine watasema ni kufupisha. Lakini katika ile "hu" alikuwamo wewe, na katika ile "si" nilikuwamo mimi. Zikiondolewa, hakuna anayeulizwa wala hakuna anayejibu. Limebaki jambo lenyewe, limerushwa mlangoni. Na kijana wa jikoni naye alijifunza kujibu "Ndiyo, bwana", maana yake nimesikia sauti yako. Kama ameelewa, kama amekubali, kama anaumwa, hayo hayakuulizwa.

Msidhani nawasema Wazungu waliokwisha kwenda zao. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na Kisetla hakikupanda ndege. Piteni Parklands saa moja asubuhi, katika zile barabara zinazohesabiwa kwa namba kuanzia First Avenue, mkasikilize malangoni. Mama Mluo amwambia msichana Mluhya, "Lete." Mzee Mkikuyu amwuliza bawabu Mkamba, "Umefanya?" na kabla hajajibiwa amekwisha kupandisha kioo cha gari. Mimi nami nimekwisha kujisikia nikizungumza hivyo na mtu aletaye barua ofisini kwetu, naye ni mzee wa kanisa.

Na asiyengoja hupotoka hata katika mambo madogo. Mwenye nyumba aliyesoma kwa Kiingereza amwuliza bawabu wake, "Hukufunga lango jana?" Bawabu ajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili bawabu amesema kweli tupu: ndivyo ilivyo, kama ulivyosema, sikulifunga. Lakini bwana wake amesikia kwa sikio la Kiingereza kwamba lango lilifungwa, akaenda zake ameridhika. Au mwajiri asema, "Kesho kuja saa mbili," naye kichwani ana saa ya Kiingereza, yaani mchana baada ya chakula. Mfanyakazi afika saa mbili asubuhi, akaketi nje ya lango juani mpaka saa nane, na jioni kila mmoja amwona mwenzake mjinga. (Wale vibarua wa shamba la mizabibu walioitwa saa kumi na moja, Mswahili hahitaji kufafanuliwa habari zao; anajua jua lilikuwa lakaribia kutua.) Swali moja la kuongeza lingewaokoa wote.

Wala ugonjwa huu si wa Nairobi peke yake. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walisikiliza kanda za mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Katika hayo, wagonjwa 17 tu ndio waliopata kuyamaliza maelezo yao ya kwanza. Wengi wa waliobaki walikatizwa, na kwa wastani daktari aliingilia kati baada ya sekunde 18. Niliposoma hayo nilicheka kidogo, kisha nikapiga hesabu ya mama yule na lile "ila" lake. Mimi sikumpa hata sekunde tano. Katika chuo cha theologia tulifundishwa kuhubiri, na tulipewa alama kwa sauti, kwa mpango wa hotuba, hata kwa namna ya kusimama. Sikumbuki kupewa alama kwa kunyamaza.

Na ajabu ni kwamba jambo hili limo katika Maandiko, tena limekaa Kiswahili kabisa. Someni nyumbani Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mwanamke wa Shunemu amefiwa na mwana wake wa pekee. Amemlaza kitandani pa nabii, amefunga mlango, amepanda punda kumwendea Elisha katika mlima Karmeli. Elisha amwona kwa mbali, amtuma mtumishi wake Gehazi apige mbio kumwamkia: yeye hajambo, mumewe hajambo, mtoto hajambo? Naye ajibu kwamba ni salama. Mtoto amekufa, na mama asema salama! Kwa Kiebrania swali na jibu ni neno lilelile moja, shalomu, kama vile sisi tusemavyo "hujambo" na "sijambo".

Gehazi alilipokea neno la kwanza, likamtosha. Ametumwa, ameuliza, amejibiwa, kazi imekwisha. Ndipo mwanamke alipofika akaishika miguu ya nabii, Gehazi akasogea ili amwondoe, maana kwake jambo hilo lilikuwa halina sababu: si amesema ni salama? Elisha akamzuia. Akasema aachwe, kwa kuwa roho yake ina uchungu, na Bwana hakumjulisha habari hiyo. Nalipenda sana neno hili la Elisha. Nabii mzima akiri kwamba hajui. Hakukisia wala hakutabiri, aliacha miguu yake ishikwe mpaka mama aseme mwenyewe. Siku ile hospitalini, wapenzi wasikilizaji, kulikuwa na Gehazi mwenye ukosi wa kikasisi.

Mama yule alifariki siku ya sita. Nilifanya ibada ya maziko. Baada ya watu kutawanyika binti yake alinijia, wala hakuja kunilaumu, alikuja kushukuru. Alinieleza kwamba mama alikuwa na mwana wa kiume Mombasa, ambaye walikosana kwa ajili ya shamba, na kwa miaka 11 hawakusemezana. Kumbe usiku ule kabla ya mimi kufika mama alikuwa amekata shauri kumwita. Nikauliza ni nani aliyempelekea habari, kwa kuwa nilimwona kijana pale kaburini. Akasema, "Ni yule mama Mhindi wa kitanda cha pili."

Nilimkumbuka kwa shida. Alikuwa amevunjika mguu. Nilipompita nilimpungia mkono tu, maana hakuwa katika orodha yangu. Binti alisema kwamba mama huyo alichukua simu yake mwenyewe, akampigia kijana, na kijana akapanda basi la usiku. Akakaa na mama yake siku mbili kabla hajafa. Mambo ya shamba, nasikia, hawakuyagusa.

Nikaona si vizuri kunyamaza. Nilitafuta nyumba ya mama huyo, nikamkuta Parklands, si mbali na City Park, ameketi barazani na fimbo yake ya kutembelea. Alikuwa akimwelekeza mpishi kwa Kigujarati kilichojaa sufuria na fagio, maana Wahindi wetu walikwisha kuyatia maneno hayo katika lugha yao zamani. Muhogo wameufanya "mogo", na jina hilo wamelivusha bahari mpaka mahoteli ya London. Sisi nasi tulichukua kwao gari, gunia, chapati na laki. Serikali iliwatambua rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya mwaka 2017, lakini vyungu vilikuwa vimetambuana muda mrefu kabla ya hapo.

Basi nikamwuliza alijuaje. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha jikoni ambacho nimetoka kukisema vibaya mbele yenu, bila ngeli, bila adabu ya sarufi. Nitawapeni kama alivyokitoa.

"Yeye nasema 'ila'," akaniambia. "Wewe nafunga macho, naomba. Mimi nangoja wewe kwisha. Wewe nakwenda, mimi nauliza yeye: ila nini, mama?"

Nikakosa la kusema. Akaagiza chai, nikaletewa. Akasogeza fimbo yake kando, akaniuliza nami habari yangu.

"Nzuri," nikamjibu.

Hakusema kitu. Alinitazama tu, akingoja.