Amana ya Shujaa: Mamlaka ya Mhariri, Malalamiko ya Msomaji na Lugha ya Katuni katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya mamlaka ya mhariri na kuvunjika moyo kwa msomaji katika katuni za mashujaa, kisha yanautazama uhusiano huo kutoka mpaka wa Busia na Tororo. Hoja kuu ni kwamba lalamiko la msomaji si dalili ya kuikataa hadithi, bali ni dai la mtu anayejiona kuwa mshirika katika kuimiliki. Kwa hiyo mhariri si mmiliki wa shujaa. Ni mdhamini aliyekabidhiwa amana. Pale ambapo shujaa hutumiwa kufikisha ujumbe wa afya, kilimo au forodha, amana hiyo ikivunjwa hasara yake huzidi ile ya mauzo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera za lugha na mawasiliano.

1.0 Utangulizi

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia waliwavusha abiria katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, wakinadi huduma yao kwa kuita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Hakuna jopo lililolipitisha neno hilo, wala hakuna mhariri aliyelisahihisha. Watumiaji walilikuza wenyewe hadi likaingia katika magazeti, katika sheria za usalama barabarani na katika kamusi.

Shujaa wa katuni ana hali tofauti. Yeye pia hukuzwa na umma, kwa kuwa bila wasomaji wanaomkumbuka na kumsimulia hana uhai; lakini kila hatua yake huamuliwa na mtu mmoja au wachache waliokaa katika chumba cha uhariri. Hao ndio huamua aoe au asioe, afe au afufuke, azungumze lugha gani. Msomaji huupata uamuzi ukiwa umekwisha kuchapishwa. Pengo hilo kati ya anayempenda shujaa na anayemwamulia ndilo chanzo cha malalamiko yanayojadiliwa hapa.

Suala hili halijapewa uzito wa kutosha katika taaluma ya Kiswahili, pengine kwa sababu katuni huhesabiwa kuwa burudani ya watoto. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki katuni imekuwa chombo cha kuwafikia vijana kwa ujumbe wa umma. Anayeshauri serikali kuhusu lugha ya mawasiliano hana budi kuelewa jinsi imani ya msomaji inavyojengwa na inavyopotea.

2.0 Mhariri na Shujaa Asiyezeeka

Marekani ndiko tasnia ya katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu ilikokomaa, na visa viwili vya huko vinaufafanua mgogoro huu vizuri.

Kisa cha kwanza ni cha mwaka 1988. Wahariri wa Batman, wakiongozwa na Dennis O'Neil, waliwaachia wasomaji waamue kama Jason Todd, kijana wa pili kubeba jina la Robin, aishi au afe. Nambari mbili za simu zilitangazwa. Kura 5,343 zilitaka afe na kura 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ilikuwa kura 72. Kijana akafa. Mtu angetarajia kwamba uamuzi wa wasomaji wenyewe ungemkinga mhariri dhidi ya lawama. Haikuwa hivyo. Lawama zilimrudia O'Neil, kwani aliyeandaa kura ndiye aliyeweka kifo kuwa jambo linaloweza kupigiwa kura. Kushirikisha umma hakukumwondolea mhariri dhamana yake.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2007. Spider-Man alikuwa amemwoa Mary Jane tangu 1987. Joe Quesada, mhariri mkuu wa Marvel, aliamini kwamba ndoa ilimzeesha shujaa na kuwabana waandishi. Katika hadithi iliyochapishwa mwaka huo, ndoa ilifutwa kwa mapatano na pepo, ikawa kana kwamba haikuwahi kuwapo. Hata mwandishi wa hadithi hiyo, J. Michael Straczynski, alitofautiana hadharani na namna ilivyomalizwa. Wasomaji wengi hawakulalamikia talaka kama talaka. Walilalamika kwamba miaka 20 ya kumbukumbu yao ilitangazwa kuwa si kitu.

Visa hivi vinatufundisha kutenganisha aina mbili za malalamiko. Ya kwanza ni lalamiko la ladha: hadithi haikumpendeza msomaji. Hili ni la kawaida na halidumu. Ya pili ni lalamiko la amana: msomaji anahisi kwamba alichokabidhiwa mhariri akitunze kimevunjwa, na hakuna aliyemweleza sababu. Hili ndilo linalomfanya msomaji aache kununua, na ndilo linalopaswa kumshughulisha mtafiti.

3.0 Mashujaa wa Kwetu na Wadhamini Wao

Afrika Mashariki haikuunda tasnia kubwa ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini swali la nani mdhamini wa mhusika limejitokeza kwa sura zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa ukanda huu walimsoma Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha zilizochapishwa na kampuni ya Drum. Shujaa alikuwa Mwafrika mwenye kofia na sigara, lakini uamuzi juu yake ulitoka mbali, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Msomaji wa huku aliona sura inayofanana na yake. Hakuwa na njia ya kuona mkono ulioiongoza.

Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau na kuzoeleka kwa wasomaji wa Taifa Leo, aliwakilisha hali nyingine. Mhusika na mchoraji wake walikwenda pamoja kwa miongo kadhaa. Msomaji aliyemwacha Juha akiwa na ujinga wake leo alimkuta nao kesho. Hapakuwa na mhariri mpya wa kuja kumfuta na kumwanzisha upya, kwa hiyo amana ilikaa mkononi mwa mtu mmoja.

Tanzania ilikabiliwa na hali ya tatu. Philip Ndunguru, mchoraji aliyewapa wasomaji wa jarida la Sani wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, alifariki mwaka 1986. Wahusika waliendelezwa na wachoraji wengine. Hapa jarida, si mchoraji, ndilo lililobeba amana, na kazi ya uhariri ikawa kuhakikisha kwamba mkono mpya haumgeuzi mhusika kuwa mtu mwingine. Msomaji wa Sani hakuhitaji nadharia ili ajue kama Lodi Lofa bado ni Lodi Lofa. Alijua kwa usemi wake.

Neno "usemi" ni muhimu hapa. Shujaa wa Marekani hutambulika kwanza kwa vazi. Mhusika wa katuni ya Kiswahili hutambulika kwanza kwa lugha. Kwa hiyo, katika mazingira yetu, uamuzi wa mhariri unaogusa amana kwa kina zaidi ni ule unaohusu lugha.

4.0 Uamuzi wa Lugha: Mfano wa Shujaaz

Jarida la Shujaaz, lililoanzishwa Kenya mwaka 2010 na shirika la Well Told Story, lilichukua uamuzi huo kwa makusudi. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, anayerusha matangazo ya redio kwa siri kwa jina la DJ B. Lugha yake ni Sheng. Jarida liligawiwa bure, likaambatana na vipindi vya redio, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Nguvu za Boyie si za kuruka angani. Ni habari na maarifa: namna ya kufuga kuku, kuweka akiba, kujikinga na maradhi.

Mambo mawili yanahusu hoja yetu. La kwanza ni kwamba wasomaji waliandika ujumbe kwa shujaa mwenyewe, na majibu yalitolewa kwa sauti ya shujaa. Mhariri alijificha nyuma ya mhusika. Mbinu hii hujenga ukaribu ambao tangazo la wizara haliwezi kuupata. Lakini ina udhaifu wa kimuundo: ushauri ukimharibikia msomaji, hana wa kumuuliza. Boyie hawezi kuitwa atoe maelezo. Kwa hiyo kadiri sauti ya shujaa inavyokuwa ya kirafiki, ndivyo jina la mhariri linavyopaswa kuwa wazi zaidi.

La pili ni kwamba jarida lilipoingia Tanzania mwaka 2015, halikumvusha Boyie na Sheng yake. Lilimuunda mhusika mwingine, DJ Tee, anayezungumza Kiswahili cha vijana wa Tanzania. Huo ulikuwa uamuzi wa busara ya kiuhariri: wahariri walitambua kwamba lugha ya shujaa haitafsiriwi kama maandishi ya paketi ya dawa.

5.0 Msomaji wa Mpakani

Busia na Tororo zinauweka uamuzi huo katika mtihani mgumu. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Malaba vilevile ina upande wa Kenya na upande wa Uganda, ule wa Uganda ukiwa katika Wilaya ya Tororo. Wateso wako pande zote mbili, na Wasamia pia. Tororo ni nyumbani kwa Wajopadhola. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa nchi hizo mbili. Bidhaa na watu hukaguliwa mara moja. Lugha bado hukaguliwa mara mbili.

Kijana wa Busia ya Kenya amesoma Kiswahili kama somo la lazima na la mtihani. Jirani yake wa ng'ambo amekisikia sokoni zaidi ya darasani. Tena, upande wa Uganda lugha hii hubeba historia: Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi wakaihusisha na kambi za jeshi. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ukaiweka katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji mpana zaidi. Sera imesonga mbele, lakini kumbukumbu ya watu haifutwi kwa waraka, kama vile ndoa ya Spider-Man isivyofutika kwa toleo moja.

Chukua neno moja tu: fedha. Boyie atasema "doh" au "ganji". Kijana wa Tanzania atasema "hela". Kijana wa Uganda aliyezoea Luganda atasema "ssente". Shujaa anayeshauri kuhusu akiba kwa neno la upande mmoja humwambia msomaji wa upande wa pili, bila kukusudia, kwamba hadithi si yake. Hii ni aina ya tatu ya lalamiko, na ndiyo isiyosikika kwa urahisi, kwa sababu msomaji wa namna hii haandiki barua ya hasira. Huliweka jarida chini.

Gharama ya ukimya huo si ndogo. Mwaka 2020 misururu ya malori ilirefuka kwa kilomita nyingi Malaba na Busia madereva wakisubiri kupimwa virusi vya korona. Mwezi Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola. Nyakati kama hizo mamlaka hutafuta sauti inayoaminika pande zote mbili. Sauti hiyo haiwezi kutengenezwa kwa wiki moja. Shujaa aliyepuuza lugha ya msomaji wake wakati wa amani hawezi kusikilizwa wakati wa hatari.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kila jarida la katuni linalobeba ujumbe wa umma kwa fedha za serikali au wafadhili lichapishe jina la mhariri anayewajibika, na litenge ukurasa wa barua ambamo mhariri, si mhusika, hujibu malalamiko na kueleza sababu za maamuzi makubwa.

Pili, jarida liweke daftari la mhusika: historia yake, usemi wake, msamiati wake na mambo ambayo hawezi kuyafanya. Mchoraji au mwandishi anapoondoka, daftari hilo ndilo linalokabidhiwa. Mabadiliko hayatazuiwa, yatafanywa kwa kujua kinachobadilishwa.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ihimize uhariri wa pamoja wa mipakani, ambamo vijana wa pande zote mbili husoma rasimu kabla ya uchapishaji. Lengo lisiwe kumlazimisha shujaa azungumze Kiswahili sanifu katika kila sanduku la maneno, wala kumwachia Sheng ya Nairobi peke yake, bali kutafuta maneno yanayovuka. Mpaka huu umekwisha kuonyesha kwamba maneno hayo yapo.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mamlaka ya mhariri hayaepukiki, hata anapoyakabidhi kwa kura, na kwamba malalamiko ya msomaji ni kipimo cha thamani ya kile alichokabidhiwa mhariri. Msomaji anayelalamika bado anamhesabu shujaa kuwa wake. Wa kuhofiwa ni yule aliyenyamaza. Waendesha baiskeli wa Busia walilipa eneo hili neno linaloeleweka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa sababu walilitumia kumwita abiria wa pande zote mbili. Mhariri anayetaka shujaa wake avuke mpaka huo ana la kujifunza kwao.