Sarafu za Kilwa Zilizookotwa Australia

Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, jina lake Maurie Isenberg, alikuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Siku moja alipokuwa akivua samaki ufuoni aliona mchangani sarafu kuukuu, jumla yake tisa. Akaziweka katika kopo, nazo zikakaa humo miaka mingi.

Mwaka 1979 alizipeleka zitazamwe na wenye maarifa. Nne zilijulikana upesi, maana zilikuwa za ile kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara upande wa mashariki. Zina herufi V, O na C zilizopandana, tena mwaka umepigwa juu yake; ni za miaka ya 1690 mpaka ya 1780. Lakini tano zilizobaki ni vishaba vidogo, visivyo na sura ya mtu wala mnyama. Mwaka hamna, wala mji haukutajwa. Yamo maandishi ya Kiarabu tu.

Vishaba hivyo ni vya Kilwa, mji wa pwani yetu, nao wazijuao sarafu hizo huzitambua kwa vina vyake. Masultani wa Kilwa walikuwa na desturi ya kupiga upande mmoja jina la sultani na la baba yake, na upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, yenye kufuata kina cha lile jina. Ali bin al-Hasan aliandikiwa yathiq bi-mawla al-minan, maana yake, humtumaini Bwana wa fadhili. Lakini al-Hasan bin Sulaiman, kwa kuwa jina la baba yake huvutwa mwishoni, alitafutiwa neno jingine la kuvutwa, al-mannan, yaani Mpaji, kina kisiharibike. Basi hata sarafu ikiwa imefutika upande mmoja, kina cha upande wa pili chaweza kumwongoza msomaji. Wapenda mashairi hawatastaajabu.

Walakini kina humtaja mtu, hakitaji wakati wake. Habari za al-Hasan bin Sulaiman tunazo kwa Ibn Battuta, msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331 akamkuta akitawala, akamsifu kwa ukarimu. Sarafu yake moja imefukuliwa hata Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Habari za Ali bin al-Hasan zilikuwa na mashaka, hata mwaka 1984 ilipopatikana Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na zake zimo. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri; na kwa dinari hizo ikajulikana kwamba alitawala zamani zaidi ya ilivyodhaniwa, katika karne ya 11.

Kwa hiyo ninyi waalimu, mtoto akileta sarafu ya kale shuleni, msimwache aisugue kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae, maana maandishi huondoka pamoja na kutu. Mwulizeni kwanza aliiokota wapi, na kando yake palikuwa na nini, mkaandike. Isenberg alitia alama katika ramani mahali pake, na kwa alama hiyo Ian McIntosh na wenzake waliweza kwenda kupatafuta mwaka 2013.

Jinsi sarafu zilivyovuka bahari hata Australia, wataalamu hawajapatana. Wengine huwataja Wareno, walioiteka Kilwa mwaka 1505 na Malacca mwaka 1511. Wengine huwataja mabaharia wa Makassar, waliokwenda pwani ile kuvua majongoo ya bahari. Mimi naona kukaa kwake pamoja na sarafu za Waholanzi si jambo la kupuuzwa, ijapokuwa bahari yaweza kukusanya vitu vya nyakati mbalimbali ufuoni pamoja.

Mwaka 2018 iliokotwa nyingine katika kisiwa cha Elcho, karibu na Wessel. Uzito na ukubwa wake vimefanana sana na vya sarafu za Kilwa, lakini maandishi yake hayasomeki wazi, wala kina hakionekani.