Kupasha joto nyumba katika Nyanda za Juu Kusini

Kupasha joto nyumba ni kuongeza joto ndani ya nyumba wakati wa baridi. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini kazi hiyo hufanywa na mtambo mmoja unaohudumia nyumba nzima na kuongozwa na themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima mtambo kulingana na joto la chumba. Nchini Tanzania nyumba nyingi hazina mtambo huo. Katika Nyanda za Juu Kusini, kwa mfano Kihesa katika Manispaa ya Iringa, watu hutegemea nguo nzito, mablanketi, jiko la mkaa na mara nyingine hita ya umeme.

Sababu za baridi

Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya takriban mita 1,700. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi katika kila mita 1,000 za mwinuko. Ndiyo maana Iringa ina baridi kuliko Dar es Salaam, ingawa miji yote miwili iko karibu na ikweta. Baridi huzidi kati ya Juni na Agosti, hasa usiku usio na mawingu.

Jengo lenyewe lina sehemu yake. Tembe, nyumba ya jadi ya Wahehe, ilikuwa na kuta nene na paa la udongo lililotunza joto la mchana hadi usiku. Paa la bati ni jembamba na hupoa mara jua linapozama. Nyumba isipokuwa na dari, hewa yenye joto hupanda, hugusa bati na kupoa.

Kuzuia joto lisipotee

Chumba kikiwa na baridi daima, jambo la kwanza ni kutafuta mahali joto linapotokea. Sehemu za kukagua ni hizi:
- dari: kama haipo au ina matundu;
- mlango: nafasi ya chini inaweza kuzibwa kwa kitambaa kilichokunjwa;
- madirisha ya luva: vioo vilivyovunjika au visivyofunga sawasawa;
- mapazia: yawe mazito, yafungwe kabla ya jua kuzama na kufunguliwa asubuhi.

Katika miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Hivyo madirisha ya upande huo ndiyo yanayoingiza joto zaidi mchana.

Matatizo ya hita ya umeme

Hita haiwaki. Kwanza huangaliwa kama yuniti za LUKU zimekwisha, kisha swichi ya ukutani na fyuzi ya plagi. Hita nyingi pia zina swichi ya usalama inayokata umeme zikiinama, hivyo ni lazima zisimame mahali tambarare.

Hita inawaka na kuzima. Mara nyingi huo si ubovu. Themostati huzima hita chumba kinapofikia joto lililochaguliwa, na kuiwasha tena kinapopoa. Lakini hita ikizima upesi wakati chumba bado kina baridi, huenda matundu yake ya hewa yamezibwa na vumbi au nguo. Kabla ya kusafishwa ni lazima ichomolewe na kupoa.

Plagi au waya unapata moto. Hita ya wati 2,000 huhitaji mkondo wa karibu ampea 9. Waya mwembamba wa kuongezea, au soketi iliyolegea, unaweza kuyeyuka na kusababisha moto. Hita hiyo ichomekwe moja kwa moja ukutani. Soketi ikiwa na alama za kuungua, isitumike hadi fundi umeme aitengeneze.

Umeme unakwisha haraka. Hita ya wati 2,000 ikifanya kazi mfululizo hutumia yuniti 2 kwa saa, yaani yuniti 8 kwa saa nne.

Hatari ya jiko la mkaa

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na kwa sababu hiyo watu wengi huudhani salama. Hata hivyo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa oksijeni. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Watoto wachanga na mimba zilizo tumboni wamo hatarini zaidi.

Kuziba nyufa, ambako ni msaada kwa mwenye hita ya umeme, huwa hatari kwa mwenye jiko, kwa kuwa gesi haina pa kutokea. Kuweka bakuli la maji chumbani hakuondoi gesi hiyo, kwa sababu huyeyuka kidogo sana katika maji. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado huitoa. Kwa hiyo jiko la mkaa halipaswi kuingizwa katika chumba cha kulala hata kidogo. Njia salama ni kuchemsha maji nje, kuyatia katika chupa ya mpira iliyotengenezwa kwa maji ya moto, kuifunga barabara, kuizungushia kitambaa na kuiweka kitandani.

Dalili na huduma ya kwanza

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, jiko lishukiwe kabla ya malaria au chakula. Milango na madirisha yafunguliwe, wote watolewe nje kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali mara moja, ambako hupewa oksijeni. Anayejisikia nafuu naye apelekwe, na mganga aelezwe kwamba jiko lilikuwa ndani.