Sura ya Saba: Usiitoe, Ibadilishe

Uliza kwenye gereji yoyote ya jua kali kwa nini injini fulani haina thamostati, na utaambiwa kwamba hicho ni kifaa cha Wazungu wenye theluji, huku kwetu jua latosha. Jibu hilo lingekuwa na mashiko kidogo Lodwar. Manyatta halina hata chembe. Hapa tuko kwenye mteremko wa Mlima Kenya upande wa kusini-mashariki, juu ya mji wa Embu, na mwezi wa Julai wachumaji wa chai huingia shambani wakiwa na makoti mazito. Gari linalowashwa kwenye baridi hiyo, kisha likashuka mpaka kwenye joto la mashamba ya mpunga ya Mwea kabla ya saa sita mchana, linaihitaji thamostati kuliko magari mengi ya huko Ulaya.

Kifaa chenyewe ni kidogo, hutoshea kwenye kiganja. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikipata moto huyeyuka na kutanuka, husukuma pini, na pini hufungua njia ya maji kuelekea kwenye rejeta. Ikipoa husinyaa, na springi hurudisha kifuniko mahali pake. Hakuna waya wala umeme. Mtindo huu wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani mwaka 1934, na mpaka leo haujapata mshindani wa maana kwenye magari ya kawaida.

Chukua Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, gari linalobeba kila kitu Embu, kuanzia abiria hadi muguka. Thamostati yake huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84 za Selsiasi, na ikifika digrii 95 kifuniko kinapaswa kuwa kimeinuka milimita 8.5 au zaidi. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini pekee, nayo hupata joto upesi. Ukiitoa, maji hupita kwenye rejeta tangu unapowasha. Asubuhi ya Julai utafika mjini injini ikiwa bado haijakolea. Kompyuta ya injini ikiona baridi huongeza petroli. Petroli nyingine isiyoungua huteremka ukutani mwa silinda na kuchanganyika na oili. Unyevu nao, uliopaswa kukaushwa na joto, hubaki humo na kuzaa ule utandu wa rangi ya maziwa unaouona chini ya kifuniko cha oili. Mwenye gari hulaumu bei ya mafuta.

Tena kuna thamostati zenye kisahani cha pili upande wa chini, hasa kwenye baadhi ya pikapu za dizeli. Kazi ya kisahani hicho ni kuziba njia ya mkato ambayo maji moto hupitia kurudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Ukiitoa thamostati ya aina hiyo, njia ya mkato hubaki wazi daima. Pikapu iliyojaa mizigo ikipanda mlima huchemka zaidi kuliko mwanzo, na fundi aliyeitoa humwambia mwenyewe anunue rejeta mpya.

Utajuaje kwamba imekufa? Ikigoma kufunguka, mshale wa joto hupanda haraka, huku mpira wa chini wa rejeta ukiwa baridi. Ikigoma kufunga, mshale hukaa chini, na hita haitoi joto la maana. Magari madogo mengi ya siku hizi hayana mshale. Yana taa ya buluu inayopaswa kuzimika injini ikishapata joto. Taa ya buluu inayowaka kutoka Manyatta mpaka Embu mjini si pambo, ni malalamiko.

Kipimo cha jikoni ni kizuri, ila kina mtego wake huku mlimani. Mafundi husema: itumbukize kwenye sufuria ya maji, uchemshe, uone kama itafunguka. Ni kweli, lakini maji hupunguza kiwango chake cha kuchemka kwa digrii moja hivi kila unapopanda mita 300. Embu mjini, kwenye mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 na ushee. Manyatta iko juu zaidi, kwa hiyo sufuria yako haitafika hapo kamwe, hata uongeze kuni. Thamostati nzima inaweza kuonekana haijafunguka kikamilifu, nawe ukaihukumu bure. Tumia kipimajoto na uangalie inapoanza kufunguka. Hapo ndipo penye ushahidi. Ining'inize kwa uzi, isiguse chini ya sufuria.

Ndani ya gari mambo ni mengine, maana kifuniko cha rejeta huyazuia maji kwa shinikizo na kuyaruhusu kupita digrii 100 bila kuchemka. Ndiyo sababu hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji yaliyozidi digrii 100 yakiachiliwa ghafla hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni aliyeinama. Fanya kazi hii asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha.

Kinga beseni chini, fungua kiziba cha rejeta, umwage kulanti. Usiiache beseni uani. Kulanti ya kawaida ina ethilini glikoli, ambayo ina ladha tamu na ni sumu kali. Mbwa, mbuzi na watoto huivamia bila kujua. Kisha fuata mpira mkubwa unaotoka rejeta kwenda injini. Kwenye 1NZ-FE ni ule wa chini, na kizimba cha thamostati kimejificha nyuma ya alternata. Hapa ndipo kazi ilipo. Tenganisha waya wa hasi wa betri kwanza, legeza mkanda, ondoa alternata. Baada ya jasho hilo lote, kizimba chenyewe kimeshikwa na nati mbili tu.

Kabla ya kuchomoa ya zamani, tazama ilivyokaa, au ipige picha kwa simu. Kifuniko chake kina tundu dogo lenye kijiti kinachocheza. Hilo hukaa juu, ili hewa ipate pa kutokea. Futa kiti chake mpaka chuma kiwe safi. Vika thamostati mpya mpira wake mpya, na usipake silikoni: vipande vyake hukatika na kwenda kuziba vijia vya rejeta. Nati zikaze kwa mkono mwepesi. Kizimba ni cha alumini, na nguvu za kufungia gurudumu zitakivunja.

Ukisharudisha alternata, mkanda na waya wa betri, na kufunga kiziba cha rejeta, jaza kulanti polepole. Ile ya waridi ya Toyota inayouzwa ikiwa tayari imechanganywa haiongezewi maji. Inayohitaji kuchanganywa ichanganye na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Maji ya mto, hata yawe meupe namna gani, yana madini yanayoganda ndani ya rejeta.

Sasa kuna hewa iliyonaswa, na hiyo ndiyo huwafanya wengi waamini kwamba thamostati mpya ni mbovu. Manyatta kuna neema moja ambayo watu wa Mwea hawana: mteremko uko kila mahali. Elekeza pua ya gari juu, weka breki ya mkono na mawe nyuma ya magurudumu, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kabisa. Washa injini kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, weka hita kwenye joto la juu, uikamuekamue mipira mikubwa. Mapovu yatatoka, nawe utaendelea kujaza. Mpira wa chini ukipata joto, thamostati imefunguka. Mapovu yakikoma, funga, uendeshe kidogo, uache gari lipoe kabisa, kisha uangalie kiwango tena.

Mapovu yasipokoma hata baada ya injini kupata joto vizuri, na kulanti ikawa inapungua bila kuvuja popote, acha. Huenda gasketi ya silinda hedi imepasuka na gesi inaingia kwenye maji. Kazi hiyo si ya uani. Mpeleke mgonjwa wako kwa fundi mwenye vifaa vya kupima, na umwonye asiitoe thamostati uliyoifunga.